Mfuko wa Njano wa Mama Makochi

Mumewe alizoea kusema kwamba Mama Makochi ana sauti isiyo na breki, na mwenyewe alipoelezwa maneno hayo kwa ishara za mikono kwa mara ya kwanza, alicheka mpaka akajishika ubavu. Ilikuwa kweli. Alizaliwa akisikia kama watoto wenzake, akaingia shule, akaimba na wenzake asubuhi uwanjani. Alipofika darasa la tatu akapatwa na homa ya uti wa mgongo. Akalazwa, akapona, akarudi nyumbani amekonda kama ufito, na masikio yake yamezimika yote mawili. Maneno aliyokuwa ameshayajua hayakumpotea, ila hakuwa tena na namna ya kuipima sauti yake. Akikukaribisha chai, nyumba ya tatu wanajua kuna chai. Akijaribu kunong'ona msibani, waombolezaji wote wanageuza shingo. Kadiri alivyokua alijifunza kufumba mdomo mbele ya wageni, akaiachia mikono kazi ya kusema.

Mikono hiyohiyo ndiyo iliyomlisha. Baba yake mdogo alikuwa fundi wa makochi, na binti alipomaliza shule ya viziwi, mzee yule alimchukua karakanani kwake bila maneno mengi. Akamfundisha kuchana kitambaa kikuukuu bila kuumiza mbao, kukata sponji kwa kisu kirefu, kuvuta ngozi ya plastiki kwenye pembe za kiti mpaka itulie bila kunyanzi hata moja, kisha kuibana kwa pini. Na ni baba mdogo aliyemfundisha kuendesha gari. Alimshika kiganja, akakiweka juu ya gia, akamwambia kwa midomo taratibu: "Sikiliza kwa mkono." Akasikiliza. Injini ikilemewa, kiganja kilijua. Tairi ikipungua upepo, makalio yalijua, na hilo la makalio ni maneno yake mwenyewe.

Leseni aliipata kwa haki yake. Daktari alimpima macho, mtahini akampeleka mjini saa ya foleni, akampitisha kwenye mzunguko wenye magari kama siafu, akamrudisha salama. Baba mdogo alipoona karatasi ya matokeo alitoa kitambaa mfukoni, akajifanya anapangusa jasho. Alipofariki, karakana ikawa ya binti, na pikapu kuukuu ya bluu ikawa yake pia.

Wakati huo alikuwa ameshaolewa na kinyozi, mtu asiyeweza kukaa kimya hata akiwa na maji mdomoni. Watu wa mtaani walicheka sana. Walisema kinyozi amepata mke pekee duniani ambaye hatamchosha kwa maneno. Walikosea, maana kinyozi alijifunza lugha ya alama haraka kuliko mtu yeyote, akawa anaongea kwa mikono kama alivyoongea kwa mdomo. Tatizo ni kwamba mara nyingi mkono mmoja ulikuwa na mkasi. Mkewe akitokea mlangoni, wateja walijifunza kuinamisha vichwa.

Mambo yalimfika siku moja asubuhi, mawingu yakiwa mazito. Nyuma ya pikapu alikuwa amefunga kochi la watu watatu, kitambaa rangi ya kahawia, mali ya mama mmoja aliyekuwa akitarajia wakwe mchana huohuo. Kochi lilikuwa kubwa, likaziba kioo chote cha nyuma, kwa hiyo alitegemea vioo vya pembeni. Palikuwa na kizuizi cha trafiki karibu na daraja. Lori lilikuwa limesimamishwa pale, na askari kijana, mrefu kama mlingoti, alikuwa upande wa pili wa lori akiwapungia mkono wanaofuata wasimame. Mama Makochi hakuuona mkono, akapita. Askari akapuliza filimbi. Akapuliza tena. Kila mtu pale darajani akageuka isipokuwa mmoja.

Alipoona pikipiki yenye taa kwenye kioo cha pembeni alishtuka, akawasha taa ya kuegesha, akasimama kando ya barabara vizuri kabisa. Yule askari kijana, konstebo, akashuka. Alikuwa na kofia ngumu, na kwa sababu ya vumbi alikuwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni. Mama Makochi akakodoa macho, akaitafuta midomo ya kuisoma, akaona kitambaa kinachezacheza tu. Akaingiwa na hofu. Na katika hofu ile akafanya jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akafungua mdomo na kusema neno moja.

"SISIKII!"

Lilitoka lote, kama lilivyo, bila breki.

Sasa fikiria wewe ndiye konstebo. Umempigia mtu filimbi mara mbili, amekupita. Umemkimbiza kwa pikipiki. Unamwuliza kwa nini hakusimama, naye anakutolea macho na kukupigia ukelele usoni kwamba hasikii.

"Husikii?" konstebo akasema. "Leo utasikia."

Mama Makochi hakuyajua hayo. Aliona tu mabega ya kijana yamepanda, akaelewa kwamba mambo yanaharibika. Chini ya kiti alikuwa na kibao cheupe na kalamu, vile alivyotumia kuandikiana na wateja. Akainama haraka avichukue. Konstebo aliona mtu anayemkaidi anaingiza mkono chini ya kiti. Mlango ukafunguliwa, akavutwa nje, akageuzwa, akasikia chuma baridi kwenye vifundo vya mikono, nyuma ya mgongo.

Baadaye alikuja kumweleza mumewe kwamba maumivu hayakuwa kitu. Ila mikono ilipofungwa nyuma, alikosa hata namna ya kusema "subiri".

Walimpeleka kituoni. Askari mwingine aliendesha pikapu, akaiegesha uani, kochi liko juu, wingu limetanda. Walimkalisha kwenye benchi la wageni, mbele ya kaunta. Hata katika hali ile jicho la fundi halikulala. Aliona ngozi ya benchi imepasuka katikati, sponji limechungulia nje kama ulimi, na mtu fulani amejaribu kuliziba kwa utepe wa gundi. Akaona aibu kulitazama, akatazama ukuta.

Nyuma ya kaunta alikuwapo mwanamke mtu mzima, sajini, miwani ameipandisha juu ya paji la uso. Mazungumzo yaliyofuata Mama Makochi hakuyasikia. Alisimuliwa baadaye, na aliyemsimulia ni konstebo mwenyewe.

"Kosa lake?" Sajini aliuliza.

"Kukaidi amri, afande. Nimempigia filimbi, kanipita. Nimemfuata, namwuliza, ananipigia kelele eti hasikii."

"Amesema hasikii?"

"Ndiyo, afande. Neno lenyewe ndilo hilo. Sisikii."

Sajini alishusha miwani, akamtazama mama aliyekuwa kwenye benchi. Akaona macho yanaruka kutoka mdomo wake kwenda mdomo wa konstebo na kurudi, kama mtu anayetazama mpira. Akatoka nyuma ya kaunta, akamzunguka pole pole mpaka akauona mgongo. Kule nyuma, chini ya pingu, vidole vilikuwa vinacheza. Vilikunjuka, vikagusana, vikapinda, vikasimama. Vilikuwa vinazungumza na ukuta.

"Kijana," Sajini alisema, "mtu amekuambia hasikii."

"Ndiyo, afande, ndivyo nilivyo..." Konstebo hakumaliza. Rangi ilimtoka.

"Mfungue. Hapo umemfunga mdomo."

Pingu zilipotoka, Mama Makochi hakuisugua mikono kama watu wengine. Aliinyanyua moja kwa moja na kuanza kusema, haraka, machozi yakimtoka. Sajini hakujua hata alama moja. Lakini alifanya jambo ambalo Mama Makochi hajalisahau mpaka leo. Alivuta kiti, akaketi mbele yake pale mwanga wa dirisha ulipomwangukia usoni, akavua kofia, akaweka kiganja juu, kama mtu anayesema: nipo, endelea. Kisha akampa kalamu na karatasi.

Mama Makochi aliandika: *Kochi la watu litanyeshewa.*

Sajini aliusoma mstari ule mara mbili. Alitarajia malalamiko, matusi, jina la wakili. Akamgeukia konstebo. "Turubai la gari ya doria liko wapi?"

"Stoo, afande."

"Lichukue. Kafunike kochi la mama. Kimbia."

Konstebo akakimbia. Mama Makochi alimwona kupitia dirisha, yule mlingoti wa kijana, akipanda juu ya pikapu na kuhangaika na turubai huku matone ya kwanza yakidondoka. Kochi halikulowa. Mpaka leo ukimwuliza kuhusu siku ile, ataanza na turubai, pingu atazifikia baadaye.

Kinyozi alipigiwa simu, akafika anahema, aproni bado ipo shingoni na vipande vya nywele vimemjaa kifuani. Alikuwa amemwacha mteja kitini nusu kichwa. Alipoingia alianza kufoka kwa mdomo na kwa mikono kwa wakati mmoja, akitaka kujua nani amemgusa mkewe. Sajini akamwacha amalize. Alipoishiwa pumzi, akamwambia: "Una haki, baba. Tumekosea. Naomba radhi kwa mkeo huyu, na kwako."

Kinyozi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa mchana kutwa, akabaki amesimama mdomo wazi, hana la kusema. Mkewe aliwahi kuapa kwamba hajawahi kumwona hivyo kabla wala baada.

Kochi lilifika kabla ya wakwe. Lakini Mama Makochi alipofika nyumbani aliuweka ufunguo wa pikapu juu ya kabati, na kwa muda hakuugusa tena. Alikodi mkokoteni kupeleka viti vidogo. Vikubwa vilirundikana karakanani mpaka ikawa lazima kupita kiubavuubavu. Mumewe alimbembeleza, akamtania, akanuna, akambembeleza tena. Alijibu jambo lilelile kila mara: filimbi nyingine ikipulizwa, nitaijuaje?

Aliyelifungua fundo hilo ni konstebo. Alikuja karakanani siku yake ya mapumziko, amevaa shati la kawaida, akasimama mlangoni akapiga hodi. Mama Makochi alikuwa amempa mgongo, anapiga pini. Kijana akapiga hodi tena. Akapandisha sauti. Wauza nguo wa jirani wakaanza kubanwa na vicheko, wakamwacha ahangaike. Alipopiga hodi ya nne, mmoja akamwonea huruma.

"Mwanangu, huyo utampigia hodi mpaka uote ndevu nyeupe. Kanyaga ubao hapo."

Akakanyaga. Ubao wa sakafuni ukatetemeka, fundi akageuka. Alipomtambua, nyundo ilibaki hewani kidogo. Kijana akatoa karatasi aliyoiandika kabla, kwa mwandiko wa mtoto wa shule: *Nifundishe kusema samahani.*

Mama Makochi alimtazama. Shingo ndefu, masikio mekundu, mikono haijui ikae wapi. Akaweka nyundo chini. Akamwonyesha. Kijana akaiga, akakosea kidole, na badala ya kuomba samahani akasema kitu kuhusu mbuzi. Mama Makochi akaangua kicheko, kicheko chake kikubwa, wauza nguo wakaja mbio kutazama kuna nini. Aliporudia mara kadhaa samahani ikatoka safi. Fundi akaipokea, akamvutia kigoda.

Walizungumza kwa kuandika mpaka kalamu ikakauka. Hapo ndipo kijana alipomsimulia yaliyosemwa kaunta siku ile, bila kujitetea. Na hapo ndipo alipoandika sentensi iliyoanzisha kila kitu: *Mama, kama ningejua kabla hujafungua mdomo, nisingekosea. Nifanyeje nijue kabla?*

Fundi alilifikiria swali hilo siku nzima. Kesho yake akachukua kipande cha ngozi ya plastiki ya njano kilichobaki kutoka viti vya watoto vya zahanati, njano inayopiga kelele, mtu anaiona akiwa mbali. Akashona mfuko wenye dirisha la plastiki inayoonyesha, na kamba za kuufunga kwenye kile kibao cha kuzuia jua mbele ya dereva. Ndani akaweka karatasi yenye maelezo. Akajaza ukurasa mzima: aliuguaje, ameanza lini kuendesha, anasomaje midomo, anaomba nini.

Konstebo aliisoma akakuna kichwa. "Mama," akaandika, "nikisimama barabarani nisome yote haya, malori yote yatakuwa yameshavuka mpaka."

Fundi alinuna. Halafu akakubali. Wakaanza kupunguza. Kinyozi akaitwa kusaidia, akaongeza badala ya kupunguza, akafukuzwa. Mwisho yakabaki maneno ya kusomeka kwa kutupia jicho mara moja, herufi nene: DEREVA NI KIZIWI. NITAZAME USONI. Neno la kutosikia waliliepuka kabisa, na kila mmoja alijua kwa nini. Upande wa pili waliweka picha za kuoneshea kidole: leseni, bima, mkanda, taa, tairi, mzigo, mwendo, barabara iliyofungwa. Askari anagusa picha, dereva anajibu kwa kutoa kinachotakiwa au kwenda kuangalia.

Wakaupeleka kwa Sajini. Aliugeuza geuza, akauliza maswali ya mtu aliyekaa barabarani miaka mingi. Akasema jambo moja kupitia kinyozi: "Dereva akisimamishwa, mikono ikae juu ya usukani. Hakuna kuinama, hakuna kuingiza mkono chini ya kiti. Askari hajui unachochukua."

Mama Makochi alisikiliza mikono ya mumewe, kisha akajibu: "Mikono yangu ikikaa juu ya usukani, mimi nimenyamaza. Nitaanzaje?"

Sajini akanyanyuka. Akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Basi askari ndiye aanze," akasema. "Akiona njano, avue kitambaa usoni, asimame pale anapoonekana, anyanyue kiganja. Kiganja kikinyanyuka, dereva yuko huru kutumia mikono yake. Ni sawa?"

Alikinyanyua kiganja chake, vilevile kama siku ile kwenye benchi. Mama Makochi akakitambua. Aliitikia kwa kichwa tu.

Akaalikwa kwenye gwaride la asubuhi. Askari walipangwa uani, wengine wanapiga miayo, wengine wanatazama saa. Mama Makochi alisimama mbele yao amevaa gauni lake la sherehe, mumewe pembeni kama mkalimani. Alieleza namna kiziwi anavyoendesha, anavyotumia vioo, kwa nini sauti yake inapanda. Kila alipotoa sentensi moja, kinyozi aliwapa askari sita. Katikati mkewe akakatiza, akamfinya mkono.

"Nimesema maneno matatu. Wewe umesema habari ya dunia nzima. Umewaambia nini?"

"Nimewaambia pia kwamba unapika vizuri," kinyozi akajibu kwa mikono.

Konstebo, ambaye alikuwa ameshaokota alama kadhaa, akaikamata hiyo, akacheka peke yake mstarini. Ikabidi awaeleze wenzake. Gwaride zima likalegea. Baada ya hapo wakauliza maswali ya kweli: dereva kiziwi akisimamishwa kwenye mvua itakuwaje? Amri ikitolewa kwa kipaza sauti je? Mengine alikuwa na majibu, mengine hakuwa nayo, na yale ambayo hakuwa nayo waliyatafuta pamoja palepale uani. Walikubaliana, kwa mfano, kwamba dereva anayeonekana hajali honi wala king'ora amulikwe kwa taa mara tatu kabla ya mtu kumwekea kisirani.

Wiki hiyo aliuteremsha ufunguo kutoka juu ya kabati.

Habari za mfuko wa njano zilitembea zenyewe. Aliyekuja wa kwanza kuuomba hakuwa kiziwi. Alikuwa dereva wa teksi aliyewahi kupatwa na kiharusi, mtu mzima, mdomo umevutwa upande mmoja na maneno yanamtoka yakiwa yamelegea. Daktari alikuwa amemruhusu kurudi kwenye usukani baada ya kumpima kila kitu. Shida yake ilikuwa salamu. Akimwambia askari "habari za kazi, afande," askari anasikia mlevi.

Kinyozi alikuwapo siku hiyo, akamtafsiria mkewe. Mzee wa teksi aliongea taratibu, akirudia pale neno lilipomponyoka.

"Wananishusha, wananiambia simama mguu mmoja. Mwanangu, mimi tangu nizaliwe sijawahi kusimama mguu mmoja. Hata harusini kwangu nilicheza nimekaa."

Mama Makochi alicheka, naye mzee akacheka kwa nusu ya mdomo inayocheka. Kisha mzee akatazama chini. Alisema siku moja abiria wake, mama na wanawe, walishuka wakatafuta gari jingine baada ya kuona anavyohojiwa. Aliwaona wakienda. Hakuwalaumu.

Fundi alimshonea mfuko palepale, mzee akisubiri. Maneno waliyachagua wao wawili: ULIMI NI MZITO KWA UGONJWA. SIJANYWA. NISUBIRI NIMALIZE. Mzee aliusoma kwa sauti yake ileile iliyolegea, akaushika kama mtu aliyeshika kitoto cha ndege. Alitaka kulipa. Mama Makochi akakataa, akamwonyesha kwa ishara kwamba ampe lifti siku pikapu ikiharibika. Iliharibika mapema kuliko walivyodhani, na mzee hakusahau.

Wakaja wengine. Akaja kijana mwenye kigugumizi kilichokuwa kinamkaba zaidi kila alipoiona sare. Akaja dada anayeendesha kwa mikono tu, gari lake limefungwa vishikio vya breki na mafuta karibu na usukani, ambaye askari walimwamuru kila mara ateremke, naye akiwaambia hawezi, wanadhani ni kiburi. Kila mmoja alipata njano yake. Vipande vya zahanati vilikwisha, muuza vitambaa akaagiza jora zima, akasema hiyo rangi vinginevyo hakuna mwenye akili timamu anayeinunua.

Mama Makochi alikuwa na deni moja moyoni, nalo lilimsumbua. Hakuwa amemshukuru Sajini vya kutosha. Kuandika "asante" aliona kama kumpa mtu maji ya kunawa wakati yeye amekupa kisima. Basi Jumapili moja, kwa ruhusa ya mkuu wa kituo, alifika na mashine yake ya pini, sponji jipya na ngozi ya plastiki nyeusi ngumu, akalifumua lile benchi la wageni. Konstebo alishika upande mmoja. Walikuta chini ya sponji sarafu, kitana, kifungo cha sare na jino la mtoto. Akalivalisha upya, pembe zikakaa sawasawa, akapitisha kiganja mara ya mwisho, hakuna kunyanzi.

Jumatatu Sajini aliingia akaliona. Alikaa. Akanyanyuka, akakaa tena. Akaomba Mama Makochi apigiwe simu ya video kwa simu ya konstebo, na kwenye kioo kile kidogo, miwani juu ya paji la uso, akasema kwa mikono sentensi aliyokuwa amejifunza kwa siri. Alama zilikuwa nzito, zenye viwiko vingi, lakini zilieleweka.

"Asante, mdogo wangu. Watu watakaa vizuri."

Mama Makochi akajibu: "Ulinifungua, dada."

Sajini hakulijua neno hilo. Konstebo akamtafsiria. Sajini akavua miwani kabisa, akaipangusa kwa muda mrefu ingawa ilikuwa safi.

Mwaka uliofuata Sajini alihamishwa, akaenda kituo cha mbali. Aliondoka na mifuko kadhaa ya njano ndani ya sanduku lake ili akaanze upya kule. Konstebo alibaki, akapandishwa cheo, na sasa ndiye anayefundisha wageni kwenye gwaride. Bado anachanganya baadhi ya alama. Karakanani huja mara kwa mara, siku hizi anajua kukanyaga ubao.

Na si muda mrefu uliopita Mama Makochi alisimamishwa tena, mji mwingine kabisa, mbali na watu wanaomjua. Alikuwa amepeleka viti vya ukumbini, anarudi. Mbele yake akatokea trafiki mnene, kijiti cha kiberiti kiko pembeni ya mdomo. Akapunguza mwendo, akasimama, akateremsha kibao cha kuzuia jua ili mfuko uonekane, akaiweka mikono juu ya usukani.

Trafiki alikuja upande wa dirisha. Akaona njano. Akasita, akakitoa kijiti cha kiberiti mdomoni, akasogea mbele hadi jua likamwangukia usoni, akanyanyua kiganja.

Kisha akainamia mfuko, akageuza upande wa picha, akagusa picha ya taa. Akaonyesha nyuma. Mama Makochi akateremka, wakazunguka wote wawili. Kweli, taa ya breki ya kushoto ilikuwa imekufa. Yule bwana akampa pole kwa uso, akatoa kitabu chake, akaandika, akamkabidhi karatasi ya faini kama anavyomkabidhi dereva yeyote mwenye taa mbovu. Akampungia. Shughuli yote haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Aliporudi alimwonyesha mumewe karatasi ile. Kinyozi akawaka.

"Faini? Na mfuko wako unao? Hawana haya? Nitakwenda mimi..."

"Taa ilikuwa imekufa," mkewe alimjibu. "Angeniachia ningemwona ananionea huruma. Kaniuliza, nimemjibu, kaniandikia. Kama watu."

Kinyozi alifikiri, mkasi hewani, mteja ameinamisha kichwa. Akaishia kwenda naye dukani kununua globu, njia nzima akimweleza bei za globu zilivyokuwa zamani.

Mama Makochi ana mazoea ya kuwataja watu wake katika sala za asubuhi, kwa mikono, kabla hajafungua karakana. Humtaja baba mdogo, halafu Sajini, halafu kijana wa turubai. Tangu safari ile ameongeza mmoja ambaye jina lake halijui wala hatalijua. Ameshampa alama ya kumwitia: vidole viwili vinavyotoa kijiti mdomoni. Humshukuru Mungu kwa ajili yake, halafu huchukua nyundo, akaanza kazi.